Kesi ya Lori la Mama Mkwe

Nilipomwambia karani wa mahakama pale Homa Bay kwamba tumekuja kushtaki duka, aliuliza duka lenyewe liko wapi. Nikamwambia haliko popote, liko kwenye intaneti. Akauliza lilituuzia nini. Nikamwambia lori. Akaweka kalamu chini, akauliza lori liko wapi sasa. Nikamwambia nalo haliko popote. Mke wangu akanikanyaga mguu. Nadhani yule karani alikuwa anatafuta askari kwa macho.

Wacha nieleze polepole, maana nikieleza haraka naonekana mwehu, na mke wangu anasema hata nikieleza polepole.

Mimi ni Mkuria wa Kehancha. Nina kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta mjini Migori, na nimeoa Mjaluo kutoka upande wa Asumbi. Kwetu adabu ya ukweni ni kali, kwao pia ni kali, na ukizijumlisha unapata mtu kama mimi: mwanamume mzima, mwenye ndevu, anayejificha nyuma ya ghala akimwona mama mkwe anakuja. Hatusalimiani kwa mkono. Hatuli pamoja. Akiwa jikoni mimi niko sebuleni, na akiingia sebuleni mimi nakumbuka ghafla kuna kitu nimesahau nje. Yeye Kikuria hajui, na Kidholuo changu kinachekesha hata mbuzi, kwa hiyo tunaongea Kiswahili cha sokoni kupitia mke wangu, kila mmoja akiangalia upande wake. Nampenda sana huyo mama. Nasema mapema ili ijulikane.

Alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Alinunua Kehancha, akayapakia kwenye lori la kukodi, akayapeleka Migori, Rongo, mpaka Homa Bay, yeye amekaa mbele karibu na dereva akimwambia punguza, pinda, shika breki, we unalala? Madereva walimwogopa kuliko polisi wa barabarani. Usukani wenyewe lakini hakuwahi kuonjeshwa hata siku moja, na hilo lilimkereketa. Kisha kiharusi kikampiga. Mdomo ulirudi, tena ukarudi na makali yake yote. Mguu ukarudi. Mkono wa kulia ukakataa. Ukawa unalala mapajani mwake kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Sasa, mkwe akienda ukweni huchinjiwa kuku, hilo kila mtu analijua. Lakini pale kwa mama mkwe wangu kuku alikuwa kisingizio tu. Jambo lenyewe lilikuwa ugali. Alinisongea yeye mwenyewe kila nilipokwenda, ugali mgumu, wa kuegemea, na hakuruhusu mtu mwingine aguse mwiko. Ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu, kwa kuwa ya mkono haikuwezekana. Baada ya kiharusi nikaenda, ukaletwa ugali uliosongwa na jirani. Nikamsikia mama jikoni akilia. Akamwambia mke wangu, "Mkwe wangu anakula mkono wa watu wengine na mimi ni mzima? Nitamsongea kwa mkono huu, ama wasiniite mama tena."

Basi yote mtakayosikia, duka, wakili, hakimu na kelele zangu, yalikuwa juu ya mkono huo na mwiko huo. Mimi mwenyewe kuna wakati nilisahau, na nitafika hapo.

Daktari wa mazoezi ya viungo alimpa kijimpira cha kubonyeza. Mama akamtupia mbwa. "Nimezaa, nimezika, sasa nianze kucheza mpira?" Mimi nikafikiri sana pale kibandani, nikapata wazo ambalo mpaka leo najisifia: nilikuwa na mashine ya gemu niliyonunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji, na ilikuja na usukani wa kuchezea na vikanyagio vyake. Nikafungua akaunti katika duka moja kubwa la gemu la mtandaoni, kwa jina langu, nikalipa kwa simu, nikanunua gemu ya kuendesha malori, nikapeleka vyote kwa mama Asumbi. Kitufe kilikuwa kimeandikwa Nunua. Si Kodi, si Azima. Nunua, kwa herufi za kutosha kusomwa na mtu akiwa ng'ambo ya ziwa.

Tatizo likawa kumfundisha. Ningewezaje kukaa kando ya mama mkwe, bega kwa bega, nikimshika vidole? Afadhali nife. Nikasimama nje ya dirisha, nimeligeuzia mgongo, mke wangu akiwa ndani katikati yetu.

"Mwambie akanyage ya kulia."

"Anasema ukanyage ya kulia."

"Mwambie nimekanyaga."

"Mwambie asikanyage sana!"

"Amegonga kanisa," mke wangu akasema.

Yawa! Tulicheka mpaka wasichana wa shule waliokuwa wanapita barabarani wakasimama kutazama mwanamume anayezungumza na ukuta.

Wiki za kwanza alifungwa mkono kwenye usukani kwa leso. Akaendesha. Akabeba jibini, akabeba mbao, akapita kwenye theluji ya Ulaya akiilaani kwa Kidholuo. Alipigia honi kila lori alilokutana nalo, maana kupita mtu bila salamu ni ushenzi. Na kwa kuwa ni Msabato, jua la Ijumaa likizama yeye huyo kando ya barabara, injini imezimwa, mpaka Jumamosi jioni. Mzigo ukichelewa gemu inamtoza faini. "Wacha watoze," anasema. "Barabara ni ya Mungu." Kisha leso ikalegezwa. Kisha ikatolewa. Siku moja mke wangu alinipigia simu kutoka Asumbi akipiga kelele nikadhani kuna msiba, kumbe mama ameshika mwiko mkavu kwa mkono wa kulia na kukoroga hewa. Nikafunga kibanda nikacheza ngoma pale nje na mteja aliyekuja kubadilisha kioo cha simu. Hakujua tunacheza nini, lakini alikuwa mtu mwema.

Halafu nikaharibu.

Ilikuwa asubuhi, niko Migori, napakua gemu ya kandanda kwenye kompyuta ya kibandani kwa akaunti ileile. Wakati huohuo mama yuko Asumbi na lori lake milimani. Duka likashangaa mtu mmoja anawezaje kuwa mahali pawili, likaniletea ujumbe: anayeendesha lori sasa hivi ni wewe? Ndiyo au hapana. Mtu mwingine yeyote angebonyeza ndiyo aendelee na chai yake. Mimi nikaanza kutoka jasho. Niseme ndiyo? Niseme mimi ndiye nimekaa kwenye kiti cha mama mkwe, ndani ya nyumba yake, nimeshika vitu vyake? Kidole kilikataa kabisa. Nikabonyeza hapana. Na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki hata ukiwa kwenye vidole, pale palipoachwa nafasi ya maelezo nikaandika kwamba anayeendesha ni mama mkwe wangu, mwanamke wa heshima na dereva hodari.

Kabla sijamaliza mandazi, akaunti ilikuwa imefungwa. Walisema sheria zao zinakataza akaunti ya mtu mmoja kutumiwa na mwingine, na mimi nimekiri mwenyewe. Lori likapotea, barabara ikapotea. Mama akabaki ameshika usukani mbele ya runinga nyeusi, akamuuliza mke wangu kama ni stima imepotea.

Niliwaandikia. Nikajibiwa na kitu chenye adabu sana ambacho nina hakika hakijawahi kuzaliwa. Kikanielekeza kwenye masharti, ambako nilikuta kwamba sikununua gemu. Nilinunua ruhusa ya kuicheza, na ruhusa wanaweza kuiondoa. Ruhusa! Siku nzima nilitembea mjini Migori nikiwaambia watu nimenunua ruhusa. Muuza viatu jirani yangu akasema, basi na wewe waambie uliwapa ruhusa ya kutumia pesa zako tu, na umeiondoa. Huyo ndiye aliyenitia wazimu wa kesi. Nikasoma kwenye simu habari za watu wa nchi nyingine walioshtaki maduka kama hayo, nikasoma kwamba Katiba yetu yenyewe inazungumzia haki za mnunuzi, na damu ikachemka kwa raha. Nilijiona niko mbele ya kamera nimevaa suti. Nilikuwa nimekwisha kuchagua tai.

Na wakati mimi nachagua tai, mkono ulikuwa unarudi mapajani. Mke wangu aliniambia. Vidole vilianza kujikunja tena. Mama alijaribu kushika sinia na kulizungusha kama usukani, akaacha, akasema sinia haliendi popote.

Ndivyo tulivyofika Homa Bay, kwenye mahakama ya madai madogo, mimi na mama wote wawili tukiwa wadai, na mke wangu akiwa ukuta kati yetu. Karani, Mungu ambariki, alituandikisha alipoelewa, na alipoelewa alicheka mpaka akafuta miwani.

Siku ya kusikilizwa, duka liliwakilishwa na wakili aliyekuwa Nairobi, akionekana kwenye laptopu iliyowekwa juu ya meza. Mbele yake kuna benchi moja fupi. Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, akasema wadai wakae pale waonekane wote wawili.

Nikakaa pembeni kabisa upande wa kushoto. Mama akakaa pembeni kabisa upande wa kulia. Wakili akasema, "Mheshimiwa, naona benchi tupu."

"Sogeleaneni," hakimu akasema.

Nikasogea kidogo kidogo, kama kucha moja. Mama naye akasogea, lakini kuelekea mlangoni.

"Kuna nini hapa?" hakimu akauliza.

"Ni mama mkwe wangu, Mheshimiwa."

"Aa!" akasema, na watu wote waliokuwa wamesubiri kesi zao nyuma wakasema "Aaa!" pamoja naye. Laptopu ikarudishwa nyuma mpaka ikakaribia kuanguka kutoka mezani, mke wangu akaketi katikati, na wakili kule Nairobi akatuona wote, wadogo kama watu walio ng'ambo ya uwanja.

Mama akaambiwa ainue mkono wa kulia ale kiapo. Mke wangu akanyoosha mkono amsaidie, akapigwa kikofi. Mama akauinua mwenyewe. Ulifika kifuani, ukatetemeka, ukakataa kupanda zaidi, naye akauacha pale pale unatetemeka mpaka akamaliza maneno yote. Mimi nilikuwa naangalia ukuta, ndivyo ipasavyo, lakini niliona. Kesi ilikuwa haijaanza na mimi nilitaka kulia mbele ya laptopu.

Wakili hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kwa upole, "Akaunti ilikuwa yako?"

"Ndiyo."

"Na duka lilipokuuliza kama ni wewe unayecheza, ukasema si wewe."

"Ndiyo."

"Hukulazimishwa."

"Nililazimishwa na heshima."

"Heshima imeandikwa wapi katika mkataba huu?"

Kabla sijajibu, hakimu akaegemea mbele. "Wakili, ulitaka aandike kwamba yeye ndiye amekaa kwenye kiti cha mama mkwe wake?" Kicheko kilichotoka nyuma ya chumba kile kilifanya askari afungue mlango kuona kuna nini. Wakili naye akacheka, akafunika mdomo kwa karatasi. Nikaona na yeye ana mama mkwe mahali fulani.

Mama alipopewa nafasi, hakungoja kuulizwa.

"Mimi nimeuza mahindi miaka mingi," akamwambia wakili. "Nimeuzia watu wazuri na watu wabaya. Sijawahi kumfuata mtu mpaka nyumbani kwake nichukue unga kwenye debe, ati kwa sababu nimesikia ugali aliula mgeni."

"Mama, gemu si mahindi," wakili akasema. "Mahindi yakiliwa yamekwisha. Gemu mtu mmoja akinunua na kugawa, kijiji kizima kitacheza bila kununua."

Na hiyo ni hoja, lazima nikubali. Hata nyuma kule watu waliitikia kwa vichwa.

"Kijiji hakikucheza," mama akasema. "Nilicheza mimi, na huu." Akaugonga mkono wa kulia kwa wa kushoto.

Hakimu akaandika kwa muda. Kisha akatuambia jambo ambalo mimi, pamoja na kusoma kwangu kote, sikuwa nimelifikiria: hata tukishinda, mahakama yake inaweza kuamuru turudishiwe pesa. Haina uwezo wa kuliamuru duka lirudishe lori.

"Pesa za nini?" mama akauliza chumba kizima.

Tukapewa muda tuongee na wakili. Akazima sauti, akapiga simu, midomo ikawa inacheza pale kwenye kioo, akarudi. Akasema mteja wake yuko tayari kumfungulia mama akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake, na kumpa gemu ileile bure. Ataanza upya, yale malori ya zamani hayarudi. Na sisi tuondoe kesi, isiandikwe hukumu yoyote ya kusema nani alikuwa na haki.

Wacha! Nilisimama. "Hatukubali! Wanaogopa hukumu hao! Mbona wanaogopa? Mimi nataka iandikwe kwamba kununua ni kununua! Watu wengine nao wapate pa kushika!" Nilikuwa nawaka, na nilikuwa na haki, mpaka leo nasema nilikuwa na haki. Watu nyuma walianza kunipigia makofi na mimi nikaongeza sauti. Suti yenyewe nilikuwa nimeivaa.

Mama akakohoa.

Anayemjua anaelewa kikohozi kile. Madereva wa Kehancha walikuwa wakikisikia wanarudi gia ya pili. Akamgeukia mke wangu, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, macho yake yakiwa chini:

"Mwambie mkwe wangu asante. Mwambie amepigana. Lakini mimi sikuja kushinda kesi, nilikuja kuchukua lori. Mwambie mkono unasahau kila siku."

Makofi yakakatika. Nilibaki nimesimama na kidole hewani. Wanasema heshima si utumwa, lakini aibu niliyoiona pale ilikuwa yangu halali. Nilikuwa nimempeleka mgonjwa kwenye vita vyangu.

"Mwambie mama nimesikia," nikasema. Nikakaa, tena karibu na katikati kuliko inavyofaa, mama akasogea haraka.

Tukaondoa kesi. Hakuna kilichoandikwa. Duka lile bado linaandika Nunua na kuuza ruhusa, na mimi bado nalitukana kila asubuhi nikifungua kibanda. Mama alirudi Asumbi akaanza upya, bila lori lake hata moja, ameajiriwa kuendesha la tajiri mwingine wa kwenye gemu. "Hata mahindi nilianza na debe," akasema, akapiga honi. Leso ikarudi mkononi. Ikakaa kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kisha ikatolewa, na safari hii nilikuwa nikimuuliza mke wangu kila jioni, vidole vikoje, vimefikia wapi, mpaka akaniambia nikitaka niende nikavishike mwenyewe. Nikakumbuka ghafla kuna kitu nimesahau nje.

Jumapili moja tukaitwa. Mke wangu akasema tusile chochote njiani.

Nilikaa sebuleni peke yangu, miguu pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Jikoni nilisikia maji yakichemka, unga ukimwagwa, halafu mwiko. Pole sana. Unagonga sufuria, unanyamaza. Unagonga, unanyamaza. "Shika sufuria tu!" mama akafoka. "Mwiko usiguse!" Mimi huku nilikuwa nimeshika mikono ya kiti na kusonga pamoja naye, meno nimeyauma, bega la kulia likipanda na kushuka. Kimya kikawa kirefu. Nikafikiri ameshindwa. Halafu mwiko ukaanza tena, na ukaendelea.

Mke wangu akauleta. Alikuwa na unga kidevuni na machozi juu ya unga. Ugali ulikuwa umeinama upande mmoja. Nikamega, nikafinyanga, nikatia mdomoni, na katikati nikakuta bonge la unga mkavu, mbichi kabisa, likanijaa mdomo mzima.

"Orwa," mama akaita kutoka nyuma ya pazia la jikoni. Mkwe wetu. Hakuwahi kuniita moja kwa moja kabla ya siku hiyo, wala mimi kuitika. "Umeiva?"

"Umeiva, Mama."

"Uongo. Nimeonja."

Nikasikia anacheka, na mke wangu anacheka, na mimi nikacheka unga ukatokea puani. Nikamaliza wote, mabonge na yote, nikafuta sahani kwa kidole. Ukweni mtu haombi kuongezewa chakula. Ni aibu kubwa, kwetu na kwao, hata mtoto anajua.

Nikaomba. Kule jikoni nikasikia sufuria inarudishwa motoni.